Kuchora Mtu Aliyeketi: Mwongozo wa Siku Moja ya Modeli na Viti vya Historia Mjini Dodoma

Mchoro wa mtu aliyeketi huharibika mara nyingi kwa sababu moja: mchoraji humchora mtu kwanza, kuanzia utosini hadi kwenye nyayo, na akishamaliza ndipo huanza kumtafutia kiti cha kumsukumizia chini. Matokeo yake ni mtu anayeelea, ambaye makalio yake hayajagusa kitu na mapaja yake ni marefu kupita kiasi, huku kiti kikionekana kana kwamba kimebandikwa kutoka katika picha nyingine. Mwongozo huu unapendekeza njia iliyo kinyume. Anza na kiti, mkalishe modeli, yaani mtu anayechorwa, juu yake, kisha vichore viwili hivyo kama umbo moja, kwa kuwa kiti ndicho kinachoamua nyonga zilale vipi, mgongo upinde wapi na shingo ifanye kazi kiasi gani. Anayetaka kulielewa jambo hilo haraka na amchore mtu yuleyule, siku ileile, akiwa juu ya viti vilivyobuniwa katika zama mbalimbali.

Nimewalenga wachoraji wa Dodoma na mikoa ya jirani, watu sita hadi kumi wenye chumba kimoja, Jumamosi moja na fedha kidogo. Hahitajiki mtu wa kutuletea kiti cha makumbusho. Nakala iliyotengenezwa na fundi wa mtaani, ikiwa na kimo na mwinamo uleule wa kiti kinachoigwa, hufanya kazi yote tunayoihitaji.

Hatua ya kwanza: Chagua viti kwa jinsi vinavyoukalisha mwili

Usichague viti kwa umaarufu wa majina ya wabunifu. Chagua vile ambavyo kila kimoja kinaulazimisha mwili kufanya jambo ambalo vingine haviulazimishi. Kwa siku moja viti sita vinatosha kabisa, na orodha yangu inaanzia nyumbani.

Cha kwanza ni kigoda cha Kigogo, kinachochongwa kutoka katika kipande kimoja cha gogo, chenye kikalio cha mviringo kilichobonyea kidogo na miguu mitatu. Miguu mitatu si urembo, kwani kitu chenye miguu mitatu hakiyumbi hata kwenye ua wa udongo usio sawa, wakati kiti cha miguu minne huanza kucheza mara moja. Kwa mchoraji, jambo muhimu ni ufupi wake. Mtu akikaa chini namna hiyo, magoti hupanda juu ya usawa wa nyonga, fupanyonga hulalia nyuma, na mgongo hujikunja kama upinde. Ni pozi gumu kulichora na ni jepesi kwa modeli aliyelizoea tangu utotoni, jambo ambalo ni nadra kulipata kwa pamoja.

Cha pili kiwe kiti cha heshima, chenye egemeo refu. Ukielekea magharibi, kwa Wanyamwezi, utakuta kwamba viti vya watemi vilikuwa na egemeo refu. Kimojawapo, kilichotoka upande wa Tabora na ambacho sasa kimo katika makumbusho ya Berlin, kina umbo la mtu lililochongwa kwenye egemeo. Ukielekea pwani, utakuta kiti cha enzi cha Waswahili: mti mweusi mgumu, pembe za mraba, vipande vya pembe ya ndovu au mfupa vilivyopachikwa, kikalio na egemeo vilivyosukwa, na mahali pa kuwekea miguu. Kilikuwa kiti cha mgeni mwenye hadhi, nacho hakimruhusu mtu kulegea. Pembe ya nyonga ni digrii 90 hivi, pembe ya goti ni kama hiyohiyo, na kichwa hukaa juu ya uti wa mgongo bila kuinama.

Cha tatu ni kiti cha mbao zilizopindwa kwa mvuke, kile cha Michael Thonet kinachojulikana kwa namba 14, kilichoanza kutengenezwa mwaka 1859. Kina vipande sita tu vya mbao, skrubu kumi na nati mbili, na viti 36 vilivyofunguliwa vilipakiwa katika kasha la mita moja ya ujazo. Ndiyo sababu kilisambaa duniani na kuingia katika mikahawa ya kila bara. Kikalio chake ni duara na egemeo lake ni tao ndani ya tao, kwa hiyo hakuna kiti kinachofundisha duara lililotazamwa kwa mshazari vizuri kuliko hiki.

Cha nne ni kile cha Gerrit Rietveld wa Uholanzi, kilichobuniwa takribani mwaka 1918 na kupakwa rangi nyekundu, buluu, nyeusi na njano miaka michache baadaye, karibu mwaka 1923. Ni ubao mmoja wa kukalia, ubao mmoja wa kuegemea, na vijiti vya mraba vinavyopishana. Kikalio chake kiko chini, takribani sentimita 33 kwa upande wa mbele, na kinateremka kuelekea nyuma. Aliyekalia ubao huo hawezi kujidanganya kuhusu uzito wake, kwa sababu ubao haubonyei. Nyama ya mapaja ndiyo inayobonyea, na mchoraji huiona.

Cha tano ni kiti cha bomba la chuma. Marcel Breuer, aliyekuwa akifundisha katika shule ya ubunifu ya Bauhaus huko Dessau, Ujerumani, alianza kutumia bomba la chuma mwaka 1925 baada ya kuvutiwa na usukani wa baiskeli. Mwaka 1926 Mholanzi Mart Stam alitengeneza kiti kisicho na miguu ya nyuma kwa kuunganisha mabomba ya gesi kwa viungo vya fundi bomba. Mwaka 1928 Breuer alitoa kiti chake cha namna hiyo, chenye fremu za mbao na henzirani iliyosukwa. Modeli anaonekana kana kwamba ameketi juu ya hewa, na kama bomba lina unyumbufu, kikalio hushuka kidogo kila anapovuta pumzi.

Cha sita ni kiti cha kulalia. Kile maarufu kilibuniwa mwaka 1928 na Charlotte Perriand, Le Corbusier na Pierre Jeanneret: tao la bomba linaloteleza juu ya fremu, na mwili juu yake ukifuata mpindo wa mgongo, nyonga na magoti. Picha yake inayojulikana zaidi inamwonyesha Perriand mwenyewe amelala juu yake, uso ameugeuzia upande wa pili, yaani mbunifu akawa modeli wa kiti chake. Sisi tunacho kiti cha uvivu cha mbao na turubai, ambacho kinatoa pozi lililo karibu sana na hilo.

Kiti cha Barcelona cha Ludwig Mies van der Rohe na Lilly Reich, cha mwaka 1929, nimekiacha kwa makusudi. Miguu yake iliyopishana kama herufi X inapendeza, nayo ina ukoo na viti vya kukunja vya maofisa wa Roma ya kale, lakini ni ghali kukiiga na hakimfanyi modeli jambo ambalo kochi la sebuleni halimfanyi.

Mwisho kabisa kiwepo kiti cha plastiki, kile cheupe cha harusi na misiba. Ukoo wake unarudi kwenye kiti ambacho Mfaransa Henry Massonnet alianza kukitoa mwaka 1972, kikimiminwa katika kalibu moja kwa chini ya dakika mbili. Sikihesabu miongoni mwa sita, kwa kuwa kipo tayari katika kila chumba. Kitatumika kwa mazoezi ya kupasha mkono moto.

Hatua ya pili: Azima, tengeneza, na upime kabla mtu hajakaa

Kigoda kiazime katika familia inayokitumia, na uulize kwanza ni cha nani. Kigoda cha mzee wa nyumba huenda hakikaliwi na kila mtu, na heri uambiwe hivyo mapema kuliko kuambiwa mbele ya modeli. Kiti cha uvivu hupatikana kwa kuuliza uliza. Badala ya kiti cha enzi, tafuta kiti chochote cha mbao chenye egemeo refu lililonyooka na mikono ya mraba, kama vile vya mbele kanisani au ofisini, kisha uweke kiboksi kigumu cha kuwekea miguu. Badala ya namba 14, kiti chochote cha kikalio cha duara na egemeo la tao kinafaa.

Cha Rietveld kitengenezwe. Mbao za paini zinazoletwa kutoka Mafinga zinatosha, pamoja na vipande viwili vya plaiwudi nene. Mpe fundi seremala mchoro wenye vipimo vyote, na umweleze kwa utulivu kwamba vijiti havichomekwi kwa ulimi na tundu, bali vinapitana na kushikana ubavuni kwa vijiti vidogo vya mviringo vilivyofichwa ndani. Fundi niliyemwendea mara ya kwanza alikataa kunikabidhi kiti kwa siku mbili, akisisitiza kwamba bado hajakata ncha zilizobaki nje. Ncha hizo ndizo tunazozitaka, maana ndizo zinazomwonyesha mchoraji kila kijiti kinaanzia wapi na kuishia wapi katika nafasi.

Cha bomba ndicho chenye hatari. Uzito wote wa mtu huning'inia mbele, kwenye mapindo mawili ya chini, kwa hiyo bomba jembamba la mapambo ya madirisha halifai hata kidogo. Fundi wa kuchomelea akiwa na uwezo wa kupinda bomba, ajaze mchanga mkavu ndani yake kabla ya kulipinda ili lisijikunje na kubonyea. Akiwa hana uwezo huo, atumie viungo vya kona kama alivyofanya Stam, na asichomelee kona mbili za mbele kwa doa moja moja. Nakala yangu ya kwanza ilichomelewa kwa doa moja moja. Niliikalia kwa majivuno mbele ya kikundi, kona ya kushoto ikaachia, nikajikuta sakafuni nikiwa bado nimeshika kikombe cha chai. Tangu siku hiyo kila kiti cha kutengeneza hubebeshwa mifuko miwili ya saruji, yaani kilo 100, kwa saa nzima, kisha mimi mwenyewe hukikalia na kujitikisa, na ndipo modeli hukaribishwa.

Hatua ya tatu: Kubaliana na modeli

Katika mazingira yetu modeli huvaa, na mchoro haupungukiwi kwa hilo. Fulana ya kubana na taiti huonyesha nyonga, magoti na mabega vya kutosha. Kwa pozi refu napendelea kanga, kwa sababu mikunjo yake yote huanzia mahali ambapo mwili umegusa kitu au umebana kitu: gotini, kwenye ukingo wa kikalio, chini ya kwapa. Kuna faida nyingine ambayo wachoraji wa ng'ambo hawana. Pindo la kanga likizunguka paja, ule mstari wake mpana hufuata umbo la paja kama pete inavyofuata kidole, na anayeuchora vizuri atakuwa amechora unene wa paja bila kutia kivuli hata kimoja.

Modeli awe mtu mzima wa miaka 18 au zaidi. Kabla ya siku yenyewe mkubaliane kwa maandishi kuhusu malipo, saa za kuanza na kumaliza, mapumziko, watakaokuwemo chumbani, na picha za simu. Msimamo wangu ni kwamba simu zote zikae katika kikapu mlangoni. Malipo yatolewe siku hiyohiyo, hata kama mvua imevuruga ratiba, kwani modeli alishaiacha shughuli yake ili aje.

Kama modeli ni mzee, na wazee ndio modeli bora kuliko wote, asalimiwe na kila mchoraji kabla ya karatasi kufunguliwa, kwa shikamoo au kwa mbukwenyi akiwa Mgogo, na yeye ndiye achague kiti cha kuanzia. Usimshike modeli ili kumrekebisha. Kaa wewe mwenyewe katika pozi unalolitaka, akuone, kisha mwachie nafasi. Marekebisho madogo yasemwe kwa ombi: “Mzee, naomba goti la kulia lisogee kidogo huku kwangu,” au kwa aliye rika lako, “Dada, tafadhali rudisha bega lilipokuwa mwanzo.” Mchoraji mmoja tu ndiye azungumze na modeli kwa niaba ya wote, vinginevyo kila mtu atamvuta upande wake.

Hatua ya nne: Tayarisha chumba na mwanga

Vitabu vingi vya uchoraji vinaagiza dirisha la kaskazini. Agizo hilo ni sahihi kwa Ulaya, ambako jua halipiti kaskazini, lakini Dodoma iko takribani digrii 6 kusini mwa Ikweta, na kwetu jua la adhuhuri hupita kaskazini tangu mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba. Kwa hiyo katika miezi mikavu ya katikati ya mwaka, dirisha la kusini ndilo linalotoa mwanga tulivu usiohama, na la kaskazini litamwagia jua usoni mwa modeli. Desemba na Januari geuza: fungua la kaskazini, funika la kusini. Ukiwa na dirisha moja tu, lifunike kwa shuka jeupe.

Upepo wa Juni na Julai huleta vumbi, na vumbi jekundu likichanganyika na mkaa wa kuchorea halifutiki tena. Funga madirisha ya upande unakovuma upepo na umwagie maji sakafu ya nje ya mlango. Asubuhi za miezi hiyo zina baridi. Modeli aliyekaa kimya dakika ishirini huisikia kabla yenu ninyi mnaosogeza mikono.

Weka kiti katikati ya chumba, hatua tatu kamili kutoka kwa mchoraji aliye karibu zaidi. Akiwa karibu kuliko hapo, magoti yataonekana makubwa kuliko kichwa. Zungushia kila mguu wa kiti alama ya chaki sakafuni, na modeli akishakaa, nyayo zake nazo zichorewe, ili baada ya mapumziko kila kitu kirudi mahali pake. Karatasi ya kaki iliyobanwa kwenye ubao inatosha kwa mapozi mafupi. Manila iwekwe kwa yale marefu.

Hatua ya tano: Chora kwa kufuata mpangilio huu

Anzeni saa tatu asubuhi kwa kiti cha plastiki: mapozi kumi ya dakika moja moja, modeli akikikalia kila namna anayojua. Anaweza hata kukigeuza na kukumbatia egemeo, kama alivyoketi Christine Keeler katika picha aliyoipiga Lewis Morley jijini London mwaka 1963. Kiti cha picha hiyo, ambacho sasa kimo katika makumbusho ya Victoria and Albert, si kile halisi cha mbunifu wa Denmark, Arne Jacobsen, kama wengi wanavyodhani bali ni nakala yake, kwa hiyo msione haya kuhusu nakala zenu. Katika dakika hiyo moja mchore mistari miwili tu, wa kikalio na wa mgongo.

Baada ya hapo kila pozi lifuate utaratibu mmoja. Kwanza chora pembe nne zinazofanywa na miguu ya kiti sakafuni, au pembe tatu kama ni kigoda. Umbo hilo ndilo sakafu yako, na likikosewa, kila kilicho juu yake kitateleza. Pili, inua kutoka hapo uso wa kikalio, ukikionyesha chote, hata sehemu iliyofunikwa na modeli. Tatu, weka alama mahali ambapo mwili unagusana na kitu kingine: mifupa miwili ya kukalia, nyayo, na sehemu ya mgongo iliyoegemea, ikiwa ipo. Nne, chora nyonga kama kisanduku kilichoinama, kisha mstari wa uti wa mgongo unaotoka humo, na kichwa kije mwisho. Wanafunzi hulalamika kwamba uso wa modeli ndio unaowavutia; uso utawasubiri.

Upimeni mwili kwa kiti. Mtu aliyeketi wima, kutoka kwenye kikalio hadi utosini, ana zaidi kidogo ya nusu ya kimo chake cha kusimama. Modeli wa sentimita 160 atakuwa na sentimita 83 hivi juu ya kikalio. Juu ya kiti cha sentimita 45 utosi wake utafika sentimita 128 kutoka sakafuni, ilhali juu ya kigoda cha sentimita 25 hautafika hata 108, kwa kuwa mgongo nao utakuwa umejikunja. Nyosha mkono, shika penseli wima, pima kimo cha kikalio, kisha uhesabu kinaingia mara ngapi kutoka sakafuni hadi utosini. Kwa kiti cha kawaida kinaingia karibu mara tatu. Kwa kigoda kinazidi mara nne. Anayechora kwa mazoea, bila kupima, huwapa wote kimo kimoja. Miamba ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ina michoro ya kale ya watu wenye miili mirefu myembamba, na mara nyingi mtu akikosolewa hukimbilia huko kujitetea. Lakini waliochora miambani kule Kolo, Kondoa, walirefusha miili ya watu waliowachora kwa mtindo mmoja unaojirudia, na yeye amerefusha paja moja tu.

Kigoda kipewe mapozi mawili ya dakika kumi, moja la ubavuni na moja la mbele. La mbele ndilo litakalowatoa jasho, kwani mapaja yanakuja moja kwa moja kuelekea kwa mchoraji na kufupika mno machoni. Usichore urefu unaoujua. Chora goti kama mduara, chora nyonga nyuma yake, na uone jinsi mduara wa goti unavyofunika sehemu ya tumbo.

Kiti cha heshima kipewe dakika ishirini, na hapa mkumbuke kwamba wima haimaanishi ukakamavu wa mti. Kile kiti cha enzi kilichofunikwa kwa dhahabu, kilichopatikana katika kaburi la Tutankhamun lililogunduliwa mwaka 1922, kina picha ya mfalme huyo mwenyewe ameketi huku mkono mmoja ameutupa juu ya egemeo kwa starehe. Mwombeni modeli akae wima kwa nusu ya kwanza, kisha autupe mkono kama mfalme yule, na mchore juu ya karatasi ileile namna mabega yalivyohama huku nyonga zikibaki palepale. Mmoja wenu akae nyuma ya kiti na kuchora egemeo likikutana na mgongo. Kwa Mnyamwezi aliyechonga umbo la mtu kwenye egemeo, sehemu hiyo haikuwa tupu.

Kwenye kiti cha duara tumieni pozi la Kigiriki. Jiwe la kaburi la Hegeso, lililochongwa Athens kuelekea mwisho wa karne ya 5 kabla ya Kristo, linamwonyesha mwanamke kwa ubavu, ameketi kwenye kiti chenye miguu iliyotanuka kwa mpindo, nyayo zake zikiwa juu ya kistuli kidogo, akitazama kitu alichokishika mkononi. Viti vya Kigiriki vya namna hiyo tunavijua kwa michongo na michoro ya vyungu tu. Hapa kigoda kigeuzwe mahali pa kuwekea miguu, ikiwa mwenyewe ameridhia, na modeli ashike mkufu au hata tasbihi. Baada ya dakika kumi na tano acheni mwili na mchore nafasi tupu peke yake: pengo lililo kati ya tao la egemeo na kiuno, pengo lililo chini ya paja, pengo lililo kati ya miguu ya kiti na mashavu ya miguu ya modeli. Mapengo yakiwa sahihi, mwili hujitokeza wenyewe bila kuguswa.

Juu ya kiti cha Rietveld modeli hataweza kukaa zaidi ya dakika kumi na tano bila ganzi, hivyo msimwombe zaidi. Mstari wa kwanza uwe mwinamo wa ubao wa nyuma, nao uchorwe kwa rula kama ni lazima. Mwili ulioegemea mstari ulionyooka hauunyookei. Kuna mwanya chini ya mbavu, karibu na kiuno, na mwanya huo ndio mchoro wote.

Kwa kiti cha bomba tafuteni picha ya Erich Consemüller ya mwaka 1926 hivi, inayoonyesha mwanamke katika kiti cha Breuer, amekunja nne na amevaa kinyago cha Oskar Schlemmer, mwalimu mwingine wa Bauhaus. Uso ukiwa umefichwa, mtazamaji hulazimika kuusoma mwili. Wekeni kinyago cha kadibodi, mkiwa na ridhaa ya modeli, kwa pozi moja la dakika ishirini. Yule mchoraji anayetorokea usoni kila mara atapona siku hiyo. Mng'ao wa bomba uachwe kama karatasi nyeupe, na mkaa uguse kingo zake tu.

Kiti cha kulalia kiwe cha mwisho, saa saba mchana, modeli akiwa amechoka, na kipewe dakika arobaini zenye pumziko moja katikati. Wachoraji watakaokaa upande wa miguuni wataona nyayo kubwa na kichwa kidogo kwa mbali, jambo ambalo ni sahihi. Modeli akisinzia mwacheni, ilimradi mlikubaliana hivyo, kwa sababu mwili uliosinzia huangukia kiti kwa uzito ambao hauigizwi.

Baada ya kila dakika ishirini modeli apate dakika tano za kusimama, kunyoosha miguu na kunywa maji, bila mtu kumwambia “malizia kidogo tu.” Ganzi ikimshika mapema, anyanyuke mapema.

Hatua ya sita: Hifadhi michoro na rudisha viti

Mkaa hushikishwa kwa dawa ya kupuliza. Ile ya nywele, ikipulizwa kwa mbali na kwa wepesi nje ya chumba, hufaa kwa michoro ya mazoezi, ingawa huigeuza karatasi kuwa ya njano kwa miaka. Andika nyuma ya kila karatasi tarehe, kiti na dakika, kisha tenganisha karatasi kwa magazeti na uzilaze chini ya ubao mzito. Michoro sita ya mtu mmoja ikipangwa sakafuni kwa mfuatano wa viti, tazameni kwanza mstari wa mgongo katika yote, kabla ya kusema lolote kuhusu ufanano wa sura.

Kigoda cha kuazima kirudi kabla ya jua kuzama, kikiwa kimefutwa kwa kitambaa chenye maji kidogo, hasa pale chini ya kikalio, ambapo vidole vyenye mkaa hukamata wakati wa kukibeba.